Consolée wa Uvira, anayesoma damu kabla homa haijasema

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linachomoza juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, na kuingia kwa mshazari kwenye dirisha la maabara. Consolée Nyenyezi ameketi kwenye kigoda kirefu, koti lake jeupe limeshonwa upya kwenye kiwiko. Anaweka kioo chembamba chini ya darubini, anadondosha tone la mafuta, kisha anageuza kwa kidole kile kioo kingine cha chini kinachonasa mwanga.

Darubini ya umeme ipo, imefunikwa kwa kitambaa kwenye meza ya pili. Asubuhi hapendi kuitumia. Umeme wa Uvira unaweza kukatika katikati ya hesabu, na jua la asubuhi halijawahi kumfanyia hivyo.

Mkono wake wa kushoto uko juu ya meza, kati ya vikopo viwili. Kimoja kina maharagwe, kingine kina punje za mahindi. Kila akiona chembe nyeupe ya damu iliyokomaa, anasukuma haragwe moja kwenye sahani. Akiona chembe changa, anasukuma punje ya hindi. Ataacha atakapofika mia mbili.

"Minye siwezi kuzungumuza mpaka nimalize," anasema bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili cha Uvira, ambamo mimi ni minye na wewe ni weye. "Ukiniuliza kitu, nitarudia kwa moja."

Kioo kilicho chini ya darubini kina damu ya Ushindi, mkulima wa miaka ishirini na saba kutoka Mutarule, katika uwanda wa Ruzizi. Siku tatu zilizopita aliletwa kwenye hospitali hii ndogo ya mwinukoni kwa pikipiki, akiwa amebanwa kati ya dereva na mama yake, tumbo limekakamaa kama ubao. Homa ya matumbo ilikuwa imetoboa utumbo wake. Daktari wa upasuaji alimfungua siku ileile, akakata sehemu iliyooza, akaunganisha ncha mbili na kushona.

Swali la leo ni moja tu: je, mshono wa ndani umeshika? Usiposhika, uchafu wa utumbo huvuja tumboni kimyakimya. Kutoka hapo maambukizi huingia katika damu yote, na viungo huanza kushindwa kazi kimoja baada ya kingine. Madaktari huita hali hiyo sepsisi. Ikigunduliwa mapema, mtu anaweza kupona. Ikichelewa siku moja, mara nyingi imechelewa kabisa.

Consolée ana miaka hamsini na saba. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameipitisha katika chumba hiki. Wauguzi humwita Mama Labo, yaani mama wa maabara, na wagonjwa wengi hawajui kwamba ana jina jingine.

Kuhesabu alijifunza kabla ya kujua kusoma. Mama yake alikuwa akiuza ndakala, wale samaki wadogo wa Tanganyika, pwani ya Kalundu, na alimwekea kazi ya kupanga mafungu. Asubuhi moja, Consolée akiwa na miaka saba hivi, alifurahi kuona neti zimejaa. Mama yake hakufurahi. Aliokota samaki mmoja mwembamba kama sindano, akamweka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Aliniambia, 'Angalia. Wakianza kutuletea watoto wa samaki, ujue wakubwa wameisha,'" anakumbuka. "Minye nilidhani iko nasema habari ya ziwa tu."

Damu, anavyoieleza yeye, ina tabia hiyohiyo. Mwili ukishambuliwa hutuma chembe nyeupe zilizokomaa. Vita vikizidi, akiba hupungua, na mifupa huanza kutoa chembe ambazo hazijakomaa. Kiini cha chembe iliyokomaa kimegawanyika vipande vipande. Cha changa kimepinda tu, kama kiatu cha farasi. Tofauti hiyo ni ndogo, na ndiyo anayoitafuta kila asubuhi, kwa kila mgonjwa aliyefunguliwa tumbo, kwa siku tano mfululizo.

Aliyemfundisha kuiona aliitwa Basile. Alikuwa mwenyeji wa Luvungi, mrefu, mwenye shati la mikono mirefu hata wakati wa joto kali. Mwaka 1993 alimkuta Consolée akiosha vioo kwenye karo la nyuma, kazi aliyokuwa ameajiriwa kuifanya. Alimwona anavipanga kwa ukubwa wa madoa. Siku iliyofuata alimsogezea kigoda.

Akizungumzia miaka hiyo, sauti ya Consolée hushuka. Dirisha lilikuwa hilihili. Honi za meli zilizotoka Kigoma zilisikika kutoka bandarini, na Basile alijua kila meli kwa sauti yake. Kila Jumatatu alirudi kutoka kwao na karanga mbichi zilizofungwa kwenye gazeti, wakazimenya wote wawili kizingitini, kwa sababu ndani ya maabara alikataza mtu kutia kitu kinywani. Kikaushio cha vioo kilikuwa upepo wa ziwa. Mashine ya kuhesabia chembe ilipoharibika vibonye, ni yeye aliyeleta maharagwe.

"Alikuwaka anasema, 'Chembe haina haraka, mwenye haraka ni weye,'" anasema Consolée. "Nikikosea, hakugomba. Alinimwagia sahani, ananiambia, 'Tuanze, binti.' Siku moja nilihesabu kioo kimoja mara nne. Kumbe yeye alishakihesabu asubuhi, alitaka kuona kama nitadanganya."

Alikuwa pia na kanuni moja, aliyoirudia mara nyingi kuliko zote: maabara haipandi juu, karatasi ndiyo inayopanda. Alimaanisha kwamba kazi ya mtu wa maabara ni kuandika alichokiona, na kumwachia daktari wa wodini aamue. Kwake huo ulikuwa unyenyekevu. Consolée aliishika kanuni hiyo kwa miaka kumi na sita.

Mwaka 2009 Basile mwenyewe alifanyiwa upasuaji. Ngiri iliyojisokota ilikuwa imeua sehemu ya utumbo. Siku ya pili Consolée alihesabu damu ya mwalimu wake na kukuta chembe changa nyingi kuliko alizowahi kuona. Aliandika. Alipiga mstari chini ya namba, mara mbili. Karatasi ikapanda.

Jioni aliikuta kwenye meza ya wodi, chini ya kikombe cha chai. Hakuna aliyekuwa ameisoma, kwa kuwa mgonjwa hakuwa na homa. Consolée aliiweka juu ya karatasi nyingine zote, akashuka. Basile alifariki siku ya nne.

Anaposimulia hayo huwa anaangalia dirishani.

Saa moja na dakika kumi, punje ya mwisho inaingia kwenye sahani. Consolée anatenga mahindi, anayahesabu, anayarudia. Arobaini na moja katika mia mbili. Siku ya kwanza Ushindi alikuwa nayo kumi na tisa, jana kumi na tatu. Yalikuwa yanapungua, kama inavyotakiwa. Leo yamerudi kwa wingi, na ndani ya chembe nyingi kuna punje nyeusi nzito ambazo jana hazikuwepo.

Anavuta droo. Mle mna vipimo vya mashine ndogo ya kupima CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi mwili unapopambana. Mashine hiyo ilikuja miaka miwili iliyopita pamoja na vipimo sitini. Vimebaki kumi na kimoja, na haijulikani vingine vitakuja lini. Anatoa kimoja, anakidondoshea damu ya Ushindi.

"Mtu yeyote akifunguliwa tumbo, hii namba inapanda," anaeleza akisubiri. "Hata kama kila kitu iko muzuri. Siku ya pili, siku ya tatu, iko juu. Kisha inashuka. Kwa hiyo usiogope mlima. Uogope mlima wenye haushuke."

Jana ilikuwa mia moja na tisini. Leo ni mia mbili na sitini.

Consolée anainuka. Hachukui karatasi peke yake. Anabeba na sahani, mahindi upande mmoja na maharagwe upande mwingine, anapanda ngazi kumi na nane kwenda wodi ya upasuaji.

Juu, ziara ya madaktari imeshaanza. Toussaint, muuguzi mkuu wa wodi, anamwona mlangoni.

"Mama Labo ametuletea chakula," anasema. "Lakini haijaiva."

"Ya kwako nitaipika kesho," anajibu Consolée. "Leo niko na ya huyu."

Ushindi amelala kitanda cha tatu, na kwa macho anapendeza kuliko wagonjwa wote wa chumba kile. Uso unang'aa kwa mafuta. Amevaa shati la Jumapili, vifungo viwili vya juu vimefungwa. Pembeni yake amesimama mama yake, Georgette, kitenge kipya kiunoni, beseni tupu miguuni. Kama ilivyo katika hospitali nyingi za huku, ndugu wa mgonjwa ndiye anayemlisha, kumwogesha na kumlaza.

Daktari Emery, aliyemfanyia upasuaji, ameshika karatasi ya wodi. Joto la mwili: thelathini na saba na nukta moja. Chembe nyeupe kwa jumla: elfu tano, idadi ya mtu mzima wa afya. Alikuwa karibu kuruhusu aanze uji mwepesi.

"Docta, ngoja kidogo," anasema Consolée, na kumwekea sahani kwenye ukingo wa kitanda. "Jumla iko muzuri. Lakini angalia ni nani wako ndani ya hiyo jumla. Jana mahindi kumi na tatu. Leo arobaini na moja."

Daktari anaangalia sahani, kisha karatasi. "Lakini Mama, hana homa. Na anasema anasikia njaa."

"Uliza mama yake alimunawisha saa ngapi."

Georgette hasubiri kuulizwa mara mbili. Anajibu kwa fahari kidogo. Alimwogesha mwanawe saa moja kasorobo, kwa maji ya bomba, kuanzia kichwani. Kabla ya hapo alikuwa amempa vidonge viwili vya paracetamol alivyokuja navyo kutoka nyumbani, ili asitetemeke. Alifanya hivyo jana pia.

"Sasa Docta aje amukute na jasho?" anauliza. "Kwetu mugonjwa ananawishwa mbele ya wageni. Haiwezi kuwa mutoto wangu ndiye iko nanuka mbele ya watu."

Toussaint anaangalia tena joto alilokuwa ameliandika, lililopimwa saa moja kamili, juu ya ngozi iliyotoka majini. Daktari Emery anafungua shati la Jumapili, anaweka kiganja tumboni, anatulia. Halafu anahesabu pumzi kwa saa ya mkononi. Ni ishirini na nane kwa dakika. Mapigo ya moyo ni mia moja ishirini na mawili, ambayo wodini yalikuwa yameandikwa kuwa ya maumivu.

"Hakuna uji," anasema kwa sauti ya chini. "Toussaint, badilisha dawa za mshipani sasa hivi, na waambie watu wa chumba cha upasuaji nakuja."

Saa tano Ushindi alikuwa mezani tena. Nyuzi mbili za mshono zilikuwa zimeachia, na usaha ulikuwa umeanza kujikusanya nyuma ya utumbo, kikombe kizima, mahali ambapo mkono wa nje haufiki.

"Sipendi kusema kioo peke yake kilimwokoa," Daktari Emery alisema baadaye, akinawa mikono. "Pengine jioni homa ingetokea, tungeshtuka. Pengine. Lakini jioni ningekuwa nafungua mtu ambaye figo zimeshafunga. Wa namna hiyo nimewafungua. Wengi hawakurudi kwao."

Wakati mwanawe yuko ndani, Georgette alikaa kwenye ngazi, beseni magotini. Consolée alishuka kwenda maabara, akaona hawezi kufanya kazi, akapanda tena na kuketi ngazi moja chini yake.

"Kumbe minye ndiye nilimuficha," alisema Georgette. "Docta alikuja kumutafuta, minye nikamuficha kwa maji."

"Ulimuheshimu, dada."

"Heshima gani hiyo, yenye inaua?"

Consolée alimweleza jambo ambalo wenzake wengi hawalijui. Basile alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa mbali. Alipolazwa, ni yeye, mwanafunzi wake, aliyekuwa akimhudumia. Kila asubuhi, kabla ya madaktari kupita, Basile aliomba maji. Alisema hataki kuonekana mchafu katika hospitali aliyoifanyia kazi maisha yake yote.

"Minye ndiye nilimunawisha," Consolée alimwambia. "Kwa mikono hii. Kisha nikashuka chini, nikahesabu damu yake, nikaona, nikaandika. Nikarudi kukaa kwenye kigoda. Weye hukujua kitu, dada. Minye nilijua."

Georgette alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Na yeye alikufa?"

"Alikufa. Ndiyo maana leo nimepanda."

Walikaa hapo mpaka mlango ulipofunguliwa.

Tangu kifo cha Basile, Consolée anasema, ni mara nne tu chembe zimegeuka namna ile bila yeye kupanda mwenyewe, na mara zote nne alikuwa mgonjwa nyumbani. Mwanzoni madaktari wengine hawakupenda. Mmoja alimwuliza kama amepata diploma mpya. Alijibu kwamba hapana, amepata miguu. Hana kinyongo naye. "Alikuwa kijana, na alikuwa na wagonjwa arobaini peke yake. Minye pia ningekasirika."

Ana madaftari matatu ya mistari, yaliyofunikwa kwa karatasi za kalenda za zamani. Ndani yake wamo watu mia tatu kumi na sita waliofunguliwa matumbo tangu 2010: wanawake, wakulima wa uwandani, wavuvi, wafanyabiashara wa Kamanyola. Kila mmoja ana siku tano na namba tano, na mwishoni neno moja, alirudi au hakurudi. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia mitaa ya chini, nyumba yake ilijaa hadi magotini. Alitoka na watoto, nguo na madaftari hayo, akiyabeba kichwani.

Mwaka ujao atastaafu. Jambo linalomsumbua ni kwamba namba zake zinamtegemea yeye kubeba sahani. Anataka vipimo vichache vya CRP vilivyobaki vitumike kwa wagonjwa walewale anaowahesabu, namba mbili ziandikwe pamoja, ili ijulikane ni mahindi mangapi yanayotosha kumfanya daktari asimame.

"Sitaki waniamini minye," anasema. "Minye nitaenda. Nataka waamini daftari."

Bénédicte, muuguzi wa wodi mwenye miaka thelathini na mbili, ameanza kukaa kwenye kigoda cha pili. Wiki iliyopita alipishana na hesabu ya Consolée kwa punje sita. Consolée alimwaga sahani. "Tuanze, binti," alimwambia.

Siku tisa baada ya upasuaji wa pili, Ushindi anakaa kitandani bila kushikwa. Anakula uji na kulalamika kwamba ni mwepesi. Mahindi yake ni manane katika mia mbili. Akiendelea hivi, Jumamosi atarudi Mutarule, polepole, ndani ya gari safari hii.

Fundi seremala amepima mwisho wa wodi, chini ya dirisha la mashariki. Daktari Emery amekubali pawekwe meza ndogo, na darubini ya jua, aliyoiacha Basile, ihamie huko. Consolée anasimama pale mahali, mkono juu ya ukuta mtupu, kama mtu anayepanga samani za nyumba mpya.

"Hapa jua linafika mapema kuliko daktari," anasema. "Mzee Basile alisema maabara haipandi. Nitamupandisha na yeye."

Nyuma yake wodi inaamka. Mwanamke mgeni, aliyefika jana na mume wake mgonjwa kutoka Kamanyola, anapita na beseni lililojaa, taulo begani. Georgette anamwekea mkono njiani.

"Ngoja kwanza wapime joto, wamutobole kidole," anamwambia. "Maji haitakimbia."

Bénédicte anamaliza na kipimajoto, anafuta kidole cha mgonjwa, anakamua tone, analivuta juu ya kioo na kukipeperusha kwenye upepo wa dirishani. Yule mwanamke amesimama na beseni lake zito, hajui amwangalie nani.

"Mama Labo," anauliza Georgette kwa niaba yake, "sasa?"

Consolée anakipokea kioo, anakiinua kwenye mwanga.

"Sasa munawishe," anasema. "Apendeze."